Mgeni Anayetabasamu

Miaka ile ya vita niliishi Kisangani, upande wa Simi-Simi, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoipanga tangu nilipomaliza chuo. Kazi niliyosomea sikuipata. Nilichopata ni kazi ya kushona nguo ambazo hakuna mtu angeweza kuzigusa. Kuna ulimwengu mmoja ndani ya simu na kompyuta ambamo watu wa nchi nyingi huingia, wakatembea, wakapiga soga, wakajenga nyumba, hata wakafunga ndoa. Kila anayeingia hupewa mwili wa picha unaoitwa avata. Mimi nilikuwa nazivalisha avata hizo. Nilichora vitenge vya akina mama wa soko kuu, suti za vijana wanaopenda kupendeza, mashati ya kwenda misani. Umeme ulipokatika nilibeba kompyuta hadi kwa jirani mwenye jenereta, nikaendelea huko, harufu ya mafuta puani.

Mtu anayeingia siku ya kwanza hana cha kuchagua. Anapewa avata ya mgeni: fulana ya kijivu, suruali ya bluu, kichwa kisicho na nywele, na tabasamu. Tabasamu hilo halitoki. Mtu anaweza kuandika kwamba amefiwa, na avata yake ikaendelea kutabasamu. Anayetaka uso mwingine lazima ajiandikishe kwa jina na kuununua, au aazimwe na mtengenezaji wa kuuvaa akiwa dukani kwake.

Sisi tuliotengeneza vitu tulikuwa na sheria zetu. Nilizisoma zote kwa Kifaransa kabla ya kupewa kibali. Zilikataza kuiba kazi ya mwenzako, kuonyesha damu, kuweka bendera za vikundi vyenye silaha. Zilikataza pia kutumia uso wa mtu halisi bila idhini yake mwenyewe. Niliziona ni sheria nzuri, na hata leo sisemi kwamba zilikuwa mbaya.

Vita ilipoingia Goma, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alikimbia na watoto wake. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyenilipia masomo hapa Kisangani. Alipita Butembo, akapanda lori la maharage, akavuka msitu wote akiwa amekaa juu ya magunia. Alishuka mbele ya nyumba yangu na mtoto mchanga mgongoni na binti yake, aliyekuwa darasa la tano, amemshika mkono. Miguu ya wote ilikuwa imevimba. Nilimuuliza kuhusu shemeji. Akasema amebaki kulinda depo.

Shemeji alikuwa na depo, duka la jumla la sukari na sabuni, kazi ya maisha yake yote. Alijua kwamba akiondoka asubuhi, kufikia saa sita mchana hapatabaki hata karatasi. Akamwambia mke wake atangulie, yeye atafuata mambo yakitulia.

Shida ilikuwa namna ya kupata habari zake. Kule kwao, chini ya waasi, vizuizi, au barrière, vilikuwa kila mahali, na kwenye kizuizi walichukua simu ya mtu wakasoma kila kitu. Aliyekutwa na ujumbe kutoka upande wa serikali aliitwa mpelelezi. Kisangani ilikuwa upande wa serikali. Shemeji akafuta programu zote za kutuma ujumbe, akafuta na namba zetu. Katika simu yake ya mwisho alizungumza na binti yake tu. Alimwambia: “Nitakuja kwenye ule muchezo wako.”

Mchezo huo ulikuwa ulimwengu ule ule wa avata, na binti ndiye aliyemfundisha zamani, Jumapili wakitoka kanisani. Askari hawakujali mchezo wa watoto. Shemeji angeingia kama mgeni, bila jina, na akitoka angefuta kila kitu. Kwa sababu hiyo kila siku alikuwa kama mtu aliyezaliwa upya. Kila siku alivaa ile fulana ya kijivu, na kila siku alikuwa na lile tabasamu.

Katika ulimwengu ule nilikuwa na duka dogo lenye ua, ambalo shemeji alilijua tangu zamani. Siku ya kwanza alipoingia tulipatana kwamba akifika mlangoni ataandika kama mteja, “Sabuni iko?” na mtoto amjibu, “Iko.” Alikuja alasiri, akishafunga depo, na sisi tukiwa tumemaliza kula lituma, ndizi za kupondwa, na mboga. Tuliketi watatu mbele ya kompyuta yangu, mtoto mchanga mapajani mwa yaya. Binti aliandika, mama yake akimwambia la kuandika. Wageni walikuwa wengi kwenye njia ile, wote sura moja, lakini mmoja akiacha njia na kugeukia mlango wetu, binti aliacha kupumua mpaka asome lile neno sabuni.

Shemeji aliandika polepole. Aliuliza kama mtoto mchanga ameota meno, kama binti amepata shule, kama mimi ninakula vizuri. Halafu, katikati ya mambo hayo, aliweza kuandika kwamba jana wamemchukua jirani wa mlango wa pili, au kwamba amelala chini ya meza kwa sababu ya mabomu. Avata yake ilisimama pale uani, mikono imelegea, ikitabasamu.

Yaya hakuweza kulizoea jambo hilo. Siku ile ya habari za jirani aliniuliza: “Juu ya nini iko nacheka?”

Nikamweleza kwamba avata za wageni ziko hivyo, hazijui mtu anaandika nini.

“Nimeelewa,” akasema. “Lakini iko nacheka.”

Tangu siku hiyo alikaa ameinamisha macho, akimwacha binti amsomee maneno.

Wazo la kumpa baba yake uso wake mwenyewe lilitoka kwa binti. Aliniambia mimi mjomba wake, “Tonton, weye unatengenezaka nguo. Utengeneze na kichwa ya papa.” Nikachukua picha ya arusi yao iliyokuwa kwenye simu ya yaya, nikachukua na nyingine ambapo shemeji amesimama mbele ya depo, nikaanza kuchora. Ilinichukua siku nyingi. Kidevu kilinisumbua, na lile kovu dogo juu ya jicho, na namna alivyoinua nyusi kama mtu anayesubiri bei. Nilipomaliza, nilikiacha kile kichwa karibu na mlango wa duka, ili mgeni yeyote anayejua aweze kukivaa.

Siku aliyokivaa, tulimwona amesimama uani, shemeji mwenyewe, na fulana ile ile ya kijivu. Binti aliweka kidole kwenye kioo. Shemeji aliuliza, “Iko mimi huyo? Nimezeeka.” Yaya aliinuka akatoka nje. Aliporudi uso wake ulikuwa na maji ya bomba, akavuta kiti karibu kuliko siku zote, akamnyang’anya binti yake kompyuta, akaanza kuandika yeye mwenyewe kwa kidole kimoja. Sikusoma aliyoandika. Nilikwenda jikoni kuchochea makaa.

Furaha hiyo ilidumu muda mfupi. Asubuhi moja nilikuta kile kichwa hakipo, na ujumbe kutoka kwa wasimamizi. Waliandika kwamba mtambo wao umegundua uso wa mtu halisi, na kwamba watakirudisha mwenye uso akithibitisha kuwa amekubali. Alitakiwa ajipige video, akionyesha uso wake na kitambulisho chake pamoja. Niliwaandikia kirefu. Niliwaeleza ni nani yule, yuko wapi, na kwa nini hawezi. Jibu lilikuja la heshima kabisa, na lilirudia maneno ya kwanza. Nadhani walikuwa wanawalinda watu ambao nyuso zao huibiwa na kuchafuliwa, na hakukuwa na kifungu kwa ajili ya mtu kama shemeji.

Alipokuja tena akiwa mgeni mtupu, nilishika kompyuta nikamweleza.  Akaandika: “Kwa barrière wakikuta video yangu na karte mukononi, nitasema nini? Acha tu. Muniangalie hivi hivi.”

Alikuja mara chache baada ya hapo. Siku moja hakuja. Kesho yake pia hakuja. Tulisikia kwamba kule mtandao umekatwa, na sote tukaishika habari hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu mtandao uliokatwa hurudi. Yaya alianza kwenda parokiani kila asubuhi, ambako watu wa Goma na Butembo walikusanyika kuulizana habari. Huko alisikia mengi yanayopingana. Mjini malori ya askari yalipita yakielekea kambi ya Kapalata, vijana wakiimba juu yake, na ndege zilishuka karibu nasi mpaka mabati ya nyumba yakatetemeka. Mtoto mchanga alizoea, hakulia tena.

Binti hakuweza kungoja. Mimi nikiwa nimetoka, alifungua kompyuta akaingia kwa jina langu, akaacha duka, akaenda kwenye uwanja ambapo wageni wote hutokea mara ya kwanza. Wanatokea hapo kama maji ya chemchemi, mmoja baada ya mwingine, fulana za kijivu na tabasamu. Akawa anamwendea kila mmoja. “Weye ni papa?” Wengi hawakuelewa Kiswahili. Wengine walimkimbia. Alifanya hivyo alasiri nyingi, na hakutuambia.

Ndipo mmoja akajibu kwamba ndiye.

Binti akamwandikia, “Sabuni iko?” akisahau kwamba swali hilo ni la baba kuuliza. Yule mgeni akajibu, “Iko.” Mtu yeyote angejibu hivyo. Mtoto akapiga kelele, yaya akaacha mtoto mchanga kwenye mkeka akaja mbio. Mimi nilikuwa naingia mlangoni. Nilimkuta amesimama nyuma ya kiti, ameshika mabega ya binti yake, macho kwenye ile avata.

Mgeni yule aliandika Kiswahili cha ajabu, kilichonyooka kupita kiasi, kama kilichogeuzwa na mashine. Aliandika, “Mimi ni baba yako mpendwa. Mko wapi sasa?” Binti alikuwa tayari kumjibu. Yaya akamzuia mkono.

“Muulize,” akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu. “Mutoto yetu wa kwanza, tulimuzikaka wapi?”

Binti alimgeukia mama yake. Hakuwa anajua kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake. Mimi mwenyewe nilijua kwa kusikia tu. Kisha akaandika kama alivyoambiwa.

Avata ile ilisimama ikitabasamu. Tulingoja. Mwishowe ikaandika neno moja: “Nyumbani.” Halafu ikaanza kucheza. Avata za wageni hupewa dansi moja, kurusha mikono juu na kuzunguka, na mgeni yule aliicheza mbele yetu, akairudia, kisha akatoweka.

Yaya alifunga kompyuta taratibu. Alikwenda kumchukua mtoto wake kwenye mkeka, akakaa naye mlangoni, mgongo wake kwetu. Binti aliniuliza kwa sauti ndogo kama kweli yule mtoto alikuwepo. Nikamwambia aje amuulize mama yake siku nyingine.

Baada ya siku chache wasimamizi waliniandikia tena. Mtu pale uwanjani alikuwa ameshtaki kwamba jina langu linawafuata wageni na kuwauliza mambo yao ya binafsi. Walikuwa wamesoma maneno yote. Waliona pia kwamba aliyeandika ni mtoto, na sheria ilitaka jina la mtengenezaji litumiwe na mtu mzima mmoja tu. Kibali changu kikafutwa, na nguo zangu zote zikaondolewa dukani. Safari hii sikuwaandikia kirefu. Nilitafuta kazi ya kutengeneza simu kwenye kibanda kimoja mjini, na nikaipata.

Habari ya kweli ililetwa na mtu. Alikuwa jirani yao wa Goma, fundi cherehani, aliyezunguka kupitia nchi ya jirani na Bunia mpaka akatufikia. Alikataa kukaa kabla ya kusema. Alisema watu wenye silaha walikuja depo mchana kutaka sukari, shemeji akawafungulia, wakachukua, na wakati wa kutoka mmoja wao akampiga risasi pale mlangoni, bila ugomvi wowote. Majirani walimzika nyuma ya parokia jioni ile ile. Yaya akamuuliza ilikuwa lini. Fundi akahesabu kwa Jumapili. Ilikuwa kabla mtandao haujakatwa. Alasiri zote zile za binti pale uwanjani, baba yake alikuwa ameshazikwa.

Tuliweka matanga bila maiti. Majirani walileta turubai na viti, wanawake wa kwaya waliimba kwa Kiswahili na Lingala, mtu wa Banalia ambaye sikumjua alileta samaki wa moshi kikapu kizima akasema shemeji aliwahi kumkopesha sukari zamani, akiwa kijana. Picha ya kuweka mezani ilikuwa ile ya mbele ya depo. Binti alikaa chini ya meza hiyo siku nzima, na hakuna aliyemtoa.

Baadaye yaya alipata meza sokoni, anauza samaki wakavu wa makayabu na chumvi. Binti alirudi shule, akawa wa kwanza katika hesabu, na simu hataki kuishika. Wateja wapya humuuliza yaya bwana yake yuko wapi, kama watu wanavyouliza tu wakingoja kupimiwa. Anawajibu, “Iko Goma.” Kisha anafunga chumvi kwenye karatasi na kumpa anayefuata.