Maswali Aliyoyaandika Dada

Nikikumbuka dada yangu alivyofanyiwa katika lile duka, damu inanichemka hadi leo.

Aliingia kama msafishaji. Akahamia kwenye rafu, na ndiye aliyewafundisha wenzake kuweka maziwa ya zamani mbele na mapya nyuma. Akapanda hadi mkuu wa makeshia. Meneja alipoacha kazi, bosi akamwambia, "Hebu nishikie hapo kidogo." Hicho kidogo kilikuwa miaka minne. Dada aliagiza mzigo, akapanga zamu, akawatuliza wateja waliokuja juu kwa sababu ya mikate ya jana. Cheo cha umeneja hakukiona.

Siku moja bosi akatangaza kwamba anatafuta meneja. Kutoka nje! Tena bila haya akamwomba dada amwandikie maswali ya usaili, "maana wewe ndiye unayeijua hiyo kazi." Mimi mdogo wake, keshia wa mlangoni, nilitaka kuvua aproni nimtupie. Dada aliandika maswali kumi na mawili, akayakabidhi pamoja na barua yake ya maombi.

Siku ya usaili aliambiwa akae pembeni asaidie. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, nikasikia yote. Mwombaji wa kwanza, mwenye tai, aliulizwa afanye nini friji zikizimika duka likiwa limejaa watu. Akamwaga maneno matamu. Bosi akamgeukia dada.

"Eti, kapata?"

"Kakosa. Jibu ninalo mimi, na barua yangu umeikalia wiki nzima."

"Sasa wewe ukiwa meneja, kazi yako ataifanya nani?"

"Kazi gani, bosi? Si ndiyo hiyo hiyo ya meneja?"

Jumatatu bosi akampa barua ya uteuzi. Tuliisoma stoo, tumekalia maboksi ya sabuni: meneja wa majaribio, miezi sita. Majaribio! Baada ya miaka minne!

"Ichane, dada."

"Nikiichana, kesho yule mwenye tai yuko hapa, na mimi ndiye nitakayemfundisha."

Akasaini. Kisha akarudi ofisini kuuliza ni nani atakayempima katika hiyo miezi sita.

"Aa, fomu si unajua zilipo?" bosi alisema, macho kwenye simu. "Jijazie tu, mimi nitasaini."