Jiwe la Sajenti kwenye Njia Panda

Aliyeliondoa rundo la mawe la njia panda ya kijiji chetu ni mhandisi aliyesimamia ujenzi wa barabara mpya. Halikuondolewa na mvua, wala na ng'ombe, wala na watoto watundu, kama nilivyoelezwa. Yeye ndiye aliyeamuru greda lipite pale, na yeye ndiye aliyeruhusu mawe yale yatumike kujenga kalavati, mfereji wa kupitishia maji chini ya barabara. Natanguliza jambo hili kwa sababu nimeutumikia umma hadi kustaafu, na nimeona mara nyingi jinsi kosa la mtu mmoja linavyogeuzwa kuwa kosa la hali ya hewa.

Nilikwenda kijijini baada ya mavuno ya mwaka huu, kumjulia hali mama mdogo, mjane wa baba yangu mdogo. Nilimkuta ameketi barazani na bakuli la unga wa mtama mapajani. Nilipomwamkia, aliitikia "marahaba" bila kuniangalia.

"Nimerudi na unga wangu," alisema. "Sikuona pa kuuweka."

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, msomaji, inanipasa nikurudishe utotoni mwangu.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Kigwa, mahali ambapo njia ya kwenda stesheni inaachana na ile ya zamani ya misafara, iliyotoka Tabora kuelekea pwani. Kwenye njia panda hiyo palikuwa na rundo la mawe lililonizidi kimo. Desturi yake ilikuwa hivi: mtu anayesafiri mbali huchukua jiwe uani kwake, hulitemea mate ya baraka, kisha huliweka pale. Akirudi, huliondoa kwa mkono wake mwenyewe na kulirudisha uani, na kabla ya hapo hapewi chakula. "Ugali wako uko chini ya jiwe," bibi alikuwa akisema. Kwa hiyo mawe yaliyobaki katika rundo lile yalikuwa ya watu ambao hawakurudi. Ya chini kabisa, yaliyoota ukungu wa kijani, yalikuwa ya wapagazi waliokwenda pwani na mizigo ya pembe za ndovu enzi za babu zetu wa mbali. Majina yao hakuna aliyeyajua. Hata hivyo, hatukuruhusiwa kukalia hata jiwe moja.

Baba mdogo alikuwa sajenti. Wapo kijijini wanaosema alikuwa mgambo aliyechukuliwa vita ilipoanza. Si kweli. Aliingia jeshini kijana, kwa hiari yake, akafanya kazi hiyo kama wengine walivyofanya kazi ya reli au ya ualimu. Likizo zake ndizo zilizokuwa sikukuu zetu. Tulisikia honi ya garimoshi kutoka stesheni, tukakimbia hadi njia panda kumngoja. Alituletea biskuti za jeshini, ngumu kama vigae, ambazo bibi alizilowesha kwenye chai ndipo akaweza kuzitafuna. Asubuhi nyumba ilinuka mkaa wa pasi na sabuni ya kipande, kwa maana hata shati la kulimia alilinyoosha. Kisha alijifunga kanzu kuukuu kiunoni na kwenda kulima karanga pamoja nasi, huku akitupigisha kwata na majembe begani. Aliyekosea hatua aliteka maji ya nyumba nzima. Mara nyingi aliyekosea nilikuwa mimi.

Jiwe lake lilijulikana. Lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia la bibi, ambalo yeye mwenyewe alilivunja utotoni kwa kupondea kokwa. Upande mmoja lilikuwa na bonde laini lililochimbwa na miaka ya kusaga mtama. Wengine walichagua mawe ya kutosha kiganjani. Yeye alilibeba lile begani.

"Hivi huko jeshini hawakukufundisha kuchagua mzigo?" mama mdogo alimchokoza.

"Walinifundisha kubeba, mke wangu. Kuchagua ni kazi ya maafisa."

"Basi rudi ukiwa afisa."

"Nikiwa afisa utanibebea wewe."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Likizo yake ya mwisho ilikatizwa. Redio ya jirani ilitangaza kwamba nchi imevamiwa huko Kagera, naye hakungoja kuitwa. Alikula michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akanyoosha sare yake, akalibeba jiwe lake. Sote tulimsindikiza. Pale njia panda aliliweka juu ya rundo, bonde likitazama mbinguni, akamwamkia bibi upya kana kwamba ndio kwanza anafika. Bibi aliitikia, akamwambia, "Usinichelewe na jiwe langu."

Aliuawa vitani. Askari mwenzake aliyetuletea habari alituambia kwamba kombora lilianguka wakati sajenti akiwagawia vijana wake chai. Hakutuongezea chumvi, na sisi hatukuiongeza baadaye. Alizikwa huko huko Kagera pamoja na wenzake, kwa heshima za kijeshi. Hilo taifa lilifanya inavyostahili, nami nalisema wazi. Lakini Kagera ni mbali kwa mjane mwenye shamba la mtama na jembe moja. Kaburi aliloweza kulifikia kwa miguu yake lilikuwa jiwe lile.

Kila baada ya mavuno, bibi na mama mdogo walifagia kulizunguka rundo, wakatia konzi ya unga mpya katika bonde la jiwe. Ndege walikuja wakala, na hakuna aliyewafukuza. Bibi alipofariki, mama mdogo aliendelea peke yake, hadi mwaka huu alipofika na bakuli lake akakuta ardhi tambarare, nyekundu, iliyoshindiliwa.

Nilikwenda mjini, ofisini kwa mhandisi. Ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo na kiti.

"Mzee, tulikagua kabla ya kuanza. Hapakuwa na msalaba, hapakuwa na jina. Tungejuaje?"

"Uliuliza wenyeji?"

"Tulibandika tangazo."

"Wapi?"

"Hapo nje, kwenye ubao."

"Mama wa umri ule aje mjini kusoma ubao wako?"

Alikuna kichwa. "Tusigombane, mzee wangu. Nitawaletea lori zima la mawe mengine. Mazuri kuliko yale."

Niliinuka nikaondoka.

Jiwe tulilipata, mimi na mama mdogo. Limo katika ukuta wa kalavati, limeshikwa na saruji, bonde lake likitazama nje. Mama mdogo alichuchumaa, akachota unga, akaubandika pale. Ulimwagika wote mtaroni. Akajaribu tena. Kisha akafuta mkono kwa khanga, akasema, "Wamemsimamisha lindo. Hata likizo hawampi."

Mengi ya utoto ule yamekwisha, wala simdai mtu. Redio ya jirani, pasi ya mkaa, uwanja tuliopigia kwata, vyote vimekwenda kwa njia ya kawaida ya vitu. Mawe ya wapagazi nayo yamechanganyika na kokoto, na hakuna tena wa kuyatambua. Lakini jiwe la sajenti linaonekana, linaguswa, na mjane wake yu hai.

Kwa hiyo namtaka mhandisi huyo, hadharani na kwa maandishi haya, alichomoe jiwe hilo likiwa zima na kulirudisha njia panda kwa mikono yake mwenyewe, mama mdogo akishuhudia, kabla ya mavuno yajayo. Na kama anaona hawajibiki, basi ajue alichokwisha kutangaza. Kwetu, jiwe huondolewa siku moja tu, siku ambayo mwenyewe amerudi. Mhandisi ameliondoa. Atuonyeshe sajenti yuko wapi, mkewe ampakulie ugali.