Kivuli cha Fundi Redio

Fundi redio wa Nyangoto hukuambia habari huku macho yake yako kwenye bisibisi aliyoishika. Petronila, anayeosha mchanga wa dhahabu mbele ya kibanda cha fundi huyo, ameshamzoea. Ila siku hizi jua linawaka ndani ya karai, macho yake yanashindwa, na asubuhi ile msimamizi wake wa kazi alimwambia, "Mama, kama huoni, kesho naleta mwingine." Fundi alisikia. Akatoka, akasimama kati ya jua na karai.

"We baba, unaniroga?"

"Hapana, mama. Redioni wamesema kuna vyombo viwili vinaruka angani pamoja, bila kamba. Kimoja kinaziba jua ili kingine kione vilivyofichwa na mwanga. Eti huko mbeleni vitakuwa vingi, vitazame nyota za mbali kabisa."

"Sasa mimi ndiyo chombo?"

"Wewe ndiyo unaona," akaiambia bisibisi.

Karai liliposogea, naye alisogea, jasho likimtiririka shingoni. Ndani ya kivuli chake vijiwe vya kung'aa vikazimika vyote, zikabaki chembe tatu za njano. Petronila akamwita msimamizi kwa sauti.