Nilivyokwenda Iringa Kufundishwa Kuuza

Mimi sikusoma sana. Darasa la pili nililiacha katikati nikaenda kubeba chumvi kichwani, Uyole mpaka migodi ya Chunya, na leo nina duka la matofali ya kuchoma, bati juu, cherehani mbili barazani. Mnaonifahamu mnajua sisemi uongo. Basi karani wa bomani aliponisomea barua kwamba wanafunzi wa biashara wametoka Ulaya, wanajitolea bila mshahara kutufundisha sisi wachuuzi namna ya kuuza, na mafunzo yako Iringa, nilicheka mpaka akaiweka barua chini. Halafu nikaenda. Nilitaka kumwona kwa macho yangu huyo mtu wa kunifundisha mimi kuuza.

Mke wangu ni Mhehe. Aliniagiza nifikie kwa dada yake, Mama Yusta, ambaye anauza maharage katika soko la Iringa.

Jumamosi alfajiri niliondoka Uyole kwa lori. Nililipia kiti cha mbele, maana mtu wa hadhi yangu hakai nyuma na magunia. Kabla ya kufika Igawa mvua ilikuwa imeigeuza barabara uji, lori likazama, na dereva akatushusha wote tusukume. Kiti cha mbele hakikunisaidia kitu. Nilisukuma na koti langu jipya, tope mpaka kwenye ukosi. Tukalala Makambako.

Jumapili saa nne tulisimama Nyololo kunywa chai. Baridi ya pale inaingia mpaka kwenye meno.

"Unakwenda wapi, baba?" mama muuza chai aliniuliza.

"Iringa, kufundishwa kuuza."

"Kwani hujui?"

"Najua sana."

"Sasa?"

Nikaomba kikombe cha pili.

Jioni nikafika Iringa. Mama Yusta alinipokea mlangoni, mikono kiunoni. "Kamwene, shemeji! Mbona umekuja na barabara nzima kwenye koti?"

"Nimekuletea udongo wa Mbeya, shemeji, na nyie huku muote."

"Livue nilifue, mkubwa wa matope."

Tulipokuwa tunakula aliacha utani. Wakubwa wa mji walikuwa wamejenga banda la bati sokoni, nafasi kumi tu, na wauzaji ni wengi. Karani wa soko alikuwa ametangaza kwamba watakaopewa cheti na wale wanafunzi ndio watakaoingia kwanza. Shemeji yangu amekaa nje miaka saba. Masika mawili mfululizo maharage yake yamelowa, yakaotea ndani ya gunia. "Masika ya tatu siyawezi," alisema. "Cheti hicho lazima nikipate, hata wakinifundisha kutembea."

Jumatatu asubuhi tuliwaona walimu wetu. Vijana watatu wa Kizungu, kaptula zimepigwa pasi, magoti mekundu kama nyanya. Mkubwa wao aliitwa Bwana Pita. Mkalimani alikuwa Mwalimu Elia wa shule ya misheni. Nikasimama.

"Mwalimu, muulize huyu bwana yeye ameuza nini."

Wakasemezana. "Anasema bado hajauza. Anasoma."

"Hata kiberiti?"

"Hata kiberiti. Kaa chini, mzee."

Siku ya pili likaja somo lenyewe. Bwana Pita alichora kopo ubaoni, juu yake kichuguu cha maharage, akakifuta kichuguu kwa mkono. Akasema muuzaji hodari hujaza kopo, huusawazisha mdomo wake kwa kijiti, humimina kwa mnunuzi, na baada ya hapo haongezi kitu. Ile konzi ya nyongeza tunayoitupia juu ni ujinga wa kuondolewa. Mali inakwenda bure.

Hapo nilisema. Nilieleza habari ya chumvi, habari ya Chunya, namna wachimbaji walivyopita vibanda vitatu kunifuata mimi kwa sababu ya mkono wangu wa mwisho. Nilieleza kwamba kopo analinunua mtu yeyote, ila konzi anapewa anayejulikana. Nilisema mpaka jasho likanitoka. Mwalimu Elia alimgeukia Bwana Pita akatamka maneno matatu.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia hukubali."

Bwana Pita akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mama Yusta alinivuta koti. "Shemeji, kaa. Utaniharibia."

Ijumaa tulipelekwa sokoni kujaribu, na Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya kupimwa. Mama Yusta alifuata somo neno kwa neno. Alijaza, akapitisha kijiti, akamimina, akanyamaza. Mnunuzi wake wa kwanza alibaki ameshika kikapu wazi.

"Mama Yusta, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Konzi yangu iko wapi?"

"Imekatazwa."

"Na nani?"

Shemeji akawaonyesha kwa kidevu wale vijana waliokuwa wanapiga picha mbuzi. Yule mama aliwatazama, akamtazama shemeji, akayamwaga maharage yote ndani ya gunia, akaenda kwa muuzaji wa pili. Na wengine vivyo hivyo. Mpaka adhuhuri gunia lilikuwa limeshiba vile vile. Bwana Pita alipita, akaona kopo limesawazishwa, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Nzuri sana, mama!"

Tulirudi nyumbani. Njiani akasema, "Shemeji, nikipata paa nikakosa watu, paa litakula maharage?" Nikamwambia kesho nitabishana nao tena. Akasema, "Wewe nyamaza."

Jumamosi Bwana Pita alisimama mbele ya gunia lake, daftari mkononi. Yule mama wa jana alikuwa anapita. Mama Yusta alichota konzi moja kubwa, akampa mkononi kabla ya kupima chochote. "Dada, yatazame kwanza maharage yangu." Desturi ya siku zote ni kuyatazama na kuyarudisha. Yule mama aliyatazama, akamtazama shemeji, akayatia kikapuni taratibu. Ndipo shemeji akajaza kopo, akapitisha kijiti, akamimina, asiongeze hata punje.

Habari ilizunguka soko kabla sijamaliza kucheka. Watu wakapanga mstari kuja kutazama maharage, na siku ile hakuna aliyerudisha. Bwana Pita aliandika kwa haraka, uso unawaka. Mwalimu Elia alitutafsiria: huyu mama amebuni jambo kubwa, kumwonyesha mnunuzi bidhaa kabla ya kuuza, naye atalipeleka chuoni kwao Ulaya wakalifundishe. Sikujua kama nimhurumie yeye au Ulaya.

Alasiri vyeti vikagawiwa. Mama Yusta aliitwa wa kwanza, na karani wa soko akampa nafasi ya pili kutoka mlangoni, bati zima juu yake. Mimi sikuitwa. Imeandikwa kwamba nabishana.

Jumatatu nilipanda lori kurudi, safari hii nyuma na magunia, nikiwaza. Mtu mwenye duka la matofali nimesema kweli tupu wiki nzima, sikubadilisha kitu. Shemeji hakubishana hata neno, akapata paa, akabaki na watu wake, na Mzungu akamshukuru.

Jumanne jioni nikaingia Uyole. Mke wangu alipokea mzigo. "Haya, umefundishwa nini?"

"Nimefundishwa kwamba dada yako ana akili kuliko mimi."

"Hilo," alisema, "ungeniuliza hapa hapa, usingechafua koti."