Msumari wa Baba Mdogo

Pamba mbichi ina harufu ambayo mtu anayeijua nguo peke yake hawezi kuijua. Ni harufu ya mafuta ya mbegu, ya vumbi lililopigwa jua mchana kutwa, na kwa mbali ya dawa ya wadudu, ule ukali unaobaki nyuma ya ulimi. Nilipokuwa na miaka kumi, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu kule Kishapu, kuanzia Juni hadi lori la wanunuzi lilipokuja. Ghala lilikuwa la mtama. Pamba ililala ndani pamoja na watu, kwa sababu mvua isiyotarajiwa, au moto wa jirani anayechoma majani, ungeweza kumaliza jasho la mwaka mzima. Tuliichambua uani, safi huku, fifi, ile yenye madoa na takataka, kule, kisha tukaijaza vyumbani hadi usawa wa dirisha, na sisi watoto tukalala juu yake, tumezama kama vifaranga chini ya mama yao. Asubuhi tuliamka na nyuzi nyeupe nywelani, na Bibi akatucheka: "Mmelalaje, vikongwe wenzangu?"

Kwa hiyo kila mwaka, kabla pamba haijaingia, lazima kitu kitoke. Mama hakupenda kitu kisicho na kazi. Alitoa vibuyu vilivyopasuka, taa ya chemli isiyo na kioo, mtungi uliovunjika mdomo, minyororo ya jembe la ng'ombe ambao walikwisha kufa kabla sijazaliwa. Aliviweka nje, kwenye ua wa minyaa, vikisubiri kutupwa shimoni. Bibi, aliyemzaa baba yangu, hakubishana naye. Alisubiri Mama aende lamboni kuteka maji, akavirudisha kimoja kimoja, akipumzika kila baada ya hatua chache. Mama akirudi anavikuta mahali pake kama vile havijawahi kutoka. "Akiba haiozi, Mama Minza," Bibi alisema bila kuinua macho, akimwita kwa jina langu. "Haiozi, mama, lakini inazaa nge," Mama alijibu kwa sauti ya heshima, kwa kuwa mkwe hapandishiwi sauti. Sisi tulicheka. Ulikuwa kama mchezo wao wa kila mwaka, na katika mchezo huo Bibi ndiye aliyeshinda siku zote.

Lakini kulikuwa na chumba kimoja ambacho hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa chumba cha Luhende, mdogo wake baba, ambaye sisi tulimwita baba mdogo. Alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita nikiwa na miaka sita hivi. Mwanzoni salamu zake zilikuja kupitia kwa watu waliorudi kutoka huko, baadaye salamu zikawa chache, kisha zikakoma. Chumbani mwake aliacha kitanda cha kamba, jembe, jozi ya viatu vilivyokunjamana, na koti la kaki lenye vifungo vitatu vya shaba na cha nne cha mti alichochonga mwenyewe. Koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila Jumapili Bibi alilitoa akalianika juani, akalikung'uta kwa fimbo nyembamba, akalirudisha. Hakuwahi kulifua. Siku moja nilimuuliza kwa nini halifui, akanivuta karibu kwa utani wake wa siku zote: "Mke mwenzangu, nikilifua nitamnusa nani?"

Kwetu vitu vya mtu hugawiwa akisha kuliliwa. Msiba ukiisha, ukoo hukaa, jembe likaenda kwa huyu, kitanda kwa yule, nguo kwa wengine. Kabla ya hapo havitoki. Hilo Bibi alilisema mara nyingi hadi nikalijua kwa moyo: "Vitu vya mtu aliye hai havigawiwi." Hakuwa na barua wala habari ya mtu aliyemwona mwanawe. Alikuwa na koti kwenye msumari, na kwa muda wote koti lile lilipokuwa pale, hakuna aliyethubutu kusema mbele yake kwamba Luhende amekufa.

Mwaka ninaousimulia mvua zilikuwa za adabu. Zilikuja zilipotakiwa, zikakaa mbali zilipotakiwa kukaa mbali, na pamba ikafunguka shambani hadi kwa mbali ukadhani kundi la korongo limetua. Ilijaza vyumba vingine vyote, ikafika jikoni. Halafu wanunuzi wakachelewa. Mama akamwomba baba chumba cha Luhende, baba akakuna kidevu akasema, "Muulize mwenye mwana." Mama akamwuliza jioni tukila ugali na mlenda, na kwa kuwa alijua atakataliwa alitanguliza methali: "Mama, asiyekuwepo na lake halipo." Bibi alimeza tonge lake polepole. "Aliyesema hivyo," akajibu, "alikuwa ameshika sahani." Hata hivyo alilegea kidogo. Alikubali pamba iwekwe upande wa kitanda, lakini ukuta wa nyuma ya mlango ubaki wazi. "Msumari usiguswe," alisema, akatutazama mmoja mmoja hadi na mimi.

Siku chache baadaye Bibi alikwenda mnadani kuuza michembe, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe. Saa za mchana mchuuzi wa vyombo akapita na baiskeli yake, amefungasha ndoo na mabeseni ya plastiki hadi hakuonekana yeye, akiita kwa Kiswahili laini cha watu wa mjini: "Leteni nguo kuukuu mchukue vyombo!" Kati ya vyombo vyake kulikuwa na ndoo ya bluu. Wakati ule mimi niliteka maji kwa debe lililooza kitako, tumeliziba kwa sabuni, na kila safari sabuni ililainika njiani, maji yakanitiririka shingoni hadi mgongoni. Mama alinipa furushi la matambara yetu nikajaribu bahati. Mchuuzi alilifungua, akainua kipande kwa vidole viwili. "Binti, humu hata panya akizaa, watoto watapata mafua. Kwa hii nakupa kijiko." Watoto wenzangu wakaangua kicheko. Niliona haya. "Niletee nguo ya mtu mzima," akaongeza, akaigonga ile ndoo kwa kucha, ikalia vizuri. "Hii haivuji hadi uolewe."

Sikutumwa. Nalisema hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilitumwa. Niliingia ndani kwa miguu yangu, nikasukuma mlango wa baba mdogo, nikalitungua koti kwa mpini wa jembe lake. Koti lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nilipotoka nalo nilipita mbele ya Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua pamba. Aliinua macho, akaliona. Vidole vyake vilisimama juu ya pamba kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akainama, akaendelea. Mchuuzi alilipima koti kwa kulikunjua, akachungulia kwapa, akakichezea kile kifungo cha mti, akanipa ndoo bila neno.

Bibi aliporudi jioni hakuhitaji kuambiwa. Aliiona ndoo kwanza, kisha akaingia chumbani, akakaa humo kitambo. Alipotoka aliuliza swali moja tu, bila kumtaja mtu: "Limetoka lenyewe?" Kesho yake baba alipanda baiskeli hadi Mhunze kumtafuta mchuuzi, akazunguka siku nzima, akarudi na vumbi tu. Bibi alingoja siku tatu. Siku ya nne asubuhi alimwita jirani yetu, mwanamke wa makamo, akampa wembe mpya, akaketi uani kwenye kigoda, akanyolewa nywele zote. Kwetu nywele hunyolewa msiba unapomalizika. Bibi alianzia mwisho. "Nyumba imekwisha kusema," alimwambia baba aliyekuwa akimsihi. "Mimi ni nani niibishie?"

Kabla ya jua kuwa kali watu walikuwa wameanza kuingia, huyu na unga, yule na kuni kichwani, wanawake wakilia kutoka mbali kama inavyopasa. Ungewaambiaje warudi? Ungesema kwamba hakuna aliyekufa, ila ndoo imeingia na koti limetoka? Baba alichinja mbuzi. Luhende alililiwa siku zote zinazostahili, na niliwapelekea wageni maji ya kunawa kwa ndoo ya bluu isiyovuja hata tone. Msiba ulipokwisha ukoo ulikaa, kitanda kikaenda, jembe likaenda, viatu vikaenda. Mama hatimaye alipata chumba. Pamba ikajaa hadi kwenye ule msumari, ikaufunika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika nyumba yetu mjukuu nilikuwa mimi.

Ilipita misimu miwili. Siku moja alasiri, tukiwa uani tunachambua, mtu mwembamba alisimama penye mwanya wa minyaa na redio mkononi, akasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, wenye nyumba." Wadogo zangu walikimbia. Mama aliangusha ungo. Bibi hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliinuka, akamwendea, akamshika uso kwa mikono miwili akimnusa kama ng'ombe anavyomnusa ndama wake. Wazee waliitwa, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuliliwa haingii tu kama mgeni, na baada ya dawa na maneno yao akaruhusiwa kupita mlangoni. Nilimpelekea maji ya kuoga. Aliitazama ndoo, akatabasamu. "Ndoo nzuri hii, Minza. Mmeitoa wapi?" Nilisema, "Mama ameinunua." Usiku alilala juu ya pamba pamoja na sisi watoto, katika chumba kilichokuwa chake. Asubuhi, kukiwa na baridi ya Juni, nilimwona amesimama nyuma ya mlango, akipapasa ukuta. Aliupata msumari, akaushika kidogo kwa kidole gumba, akauacha.

Hakuuliza, na hilo ndilo lililonichoma. Wiki ya pili aliaga akisema kuna shimo jipya linalochimbwa na wenzake wanamsubiri. Baba alimwambia akae, watajenga kibanda. "Kaka, nyumba yenu imejaa," alijibu, tena kwa upole, akiangalia pamba. Hakurudi tena. Bibi aliishi miaka mingine sita, na kila Jumapili mikono yake ilikuwa haina kazi. Angekuwa na kitu cha kuanika, angengoja tena. Hatukumwachia hata soksi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na sijatulia tangu hapo. Nimewapikia wachimbaji wali na maharage Geita, Kahama, na huko kwingine ambako mji huota kwa mwezi mmoja na kutoweka kwa wiki moja. Watu hudhani nafuata dhahabu. Kila nilipofika niliuliza kama kuna mzee wa Kishapu anayeitwa Luhende, anayependa redio. Wachimbaji hunitania, "Mama, huyo mume wako amekukimbia, olewa na sisi." Nacheka nao, naongeza maharage, nauliza kwenye mwalo unaofuata, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu.

Mwaka huu mdogo wangu Holo alinipigia simu nije Nyasubi, pale Kahama mjini, anakoishi na Mama katika nyumba ya vyumba tisa aliyoijenga ili apangishe. Alitaka kuisafisha stoo ya Mama apate chumba cha kumi. "Dada, mama yako anafuga takataka," alilalamika. "Njoo useme wewe, mimi hanisikilizi." Nilifika nikamkuta Mama ameketi kwenye mlango wa stoo kama askari, yeye aliyekuwa akitoa vitu hadi uani. Ndani kulikuwa na sanduku langu la bati la shule, madaftari, kandambili moja, na ile ndoo ya bluu, imepasuka na kushonwa kwa waya, imejaa mkaa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia sweta yangu ya shule ya rangi ya kijani, viwiko vimetoboka. "Holo anasema vitu vyako vigawiwe," Mama alisema. "Nimemwambia vitu vya mtu aliye hai havigawiwi."

Nilikaa chini karibu naye. Nje alipita mnunuzi wa plastiki na kipaza sauti chake kinachorudia maneno yaleyale. Nilimuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: "Mama, siku ile uliniona na koti." Akajibu, "Nilikuona." Nikauliza kwa nini hakusema. Alifuta mkaa vidoleni kwa upande wa kanga. "Nilitaka chumba, Minza. Chumba tu." Kisha akanyanyuka kwa shida, akamwaga mkaa sakafuni, akaibeba ndoo mwenyewe hadi barabarani. Mnunuzi aliitupa chini, akaikanyaga, akaikunja mara mbili. Mama alirudi mikono mitupu, akakaa palepale mlangoni. Holo alidhani amekubali, akaleta fagio. Nilimwambia alirudishe.

Nyumba yetu ya Kishapu ilikuwa na vyumba vitatu, watu saba, na pamba hadi dirishani, na bado Bibi alimpatia asiyekuwepo chumba kizima. Nyumba ya Nyasubi ina vyumba tisa, karibu kila kimoja na kufuli na mpangaji wake, na nafasi yangu ndani yake ni msumari mmoja nyuma ya mlango wa stoo. Sisemi hayo kwa kulaumu. Nimekwisha kuondoka tena, napika upande wa Geita, na sijui nitarudi lini. Jumapili Mama hunipigia simu. Haniulizi ninakuja lini. Nadhani anaogopa jibu kama ninavyoogopa swali. Huniambia habari za jua la huko na joto lake, kisha kabla ya kukata husema, "Leo nimeianika sweta yako. Sijaifua."