Mkunjo Uliomwingia Kaz

Halina Pytel aliingia kwenye maabara yetu ya chuo, hapa Chicago, akiwa bado msichana. Kazi yake ilikuwa kuotesha hamira kwenye visahani. Tulikuwa nayo ya namna mbili: nyekundu, iliyo nzima, na nyeupe, ambayo ndani yake protini moja imejikunja vibaya. Protini ni ileile, lililobadilika ni umbo tu. Lakini iliyopotoka ikiigusa nyingine, nayo hupotoka, zikashikana zikawa nyuzi. Na nyuzi dhaifu ndizo mbaya zaidi, maana zinakatika ovyo, na kila kipande kinakwenda kuharibu nyingine.

Mumewe Kaz, fundi wa mabasi, alizoea kumtania.

"Mke wangu analea hamira mwaka mzima, nyumbani hata mkate hakuna."

"Ungeoa mwokaji," Halina humjibu.

Mwezi wa tatu Kaz akaanza kupotea njia akitoka gereji. Kisha vikombe vikawa vinamponyoka, mikono ikishtuka yenyewe. Daktari wa neva akamwita Halina kando, akaanza kumweleza taratibu habari ya prioni, protini zinazojikunja vibaya zenyewe ubongoni.

"Nazijua," Halina akamkatiza. "Niambie tu kama una hakika."

Alikuwa na hakika.

Kaz, angali anaweza kuunga maneno, alimwambia, "Si ulisema ile nyeupe mnaitia chumvi fulani inarudi nyekundu? Niletee na mimi."

"Hamira ina protini kama mkasi, Kaz, inazikata nyuzi zisambae. Chumvi inausimamisha huo mkasi, basi hamira ikizaana, vipande vinapungua mpaka vinaisha. Wewe huna mkasi huo."

"Sasa mimi zinanikata nini?"

"Hatujui vizuri."

Kaz akacheka kidogo. "Miaka yote hiyo, Halina."

Hakukusudia kumlaumu. Halina ndiye aliyelipokea neno hilo hivyo, na halijamtoka.

Alimwendea profesa wetu kuuliza kama kuna dawa yoyote, popote pale. Profesa akafunga mlango. Dawa haikuwapo; Halina alipotoka alichukua koti lake akaenda nyumbani kwa Kaz.

Kaz alikufa mwezi wa nane, hamjui mtu. Wenye nyumba ya mazishi waliogopa kuambukizwa wakimwosha na kumpamba, wakafunga jeneza. Mama yake, Bibi Stefania, akamshika Halina mkono.

"Nimemzaa mimi. Nataka kuuona uso wake."

"Hawafungui, mama."

"Wewe umeusomea ugonjwa huu. Waambie."

Halina aliwaambia: kumtazama tu hakumdhuru mtu. Hawakumsikia. Mama mkwe akaketi, kiganja juu ya mbao, misa yote. Hajamsemesha Halina tangu siku ile.

Halina alirudi kazini wiki iliyofuata. Anaotesha hamira kama zamani, ila zamu ya kuitia chumvi amenipa mimi. Juzi nilimwuliza kama angependa ahamie maabara nyingine.

"Nikafanye nini huko?" akasema, akavuta visahani vingine.