Mbegu Zilizokaushwa

Dada Mkubwa, ndivyo tunavyomwita kitaluni, ameotesha miche ya miti ya asili miaka ishirini na mitatu bila karatasi yoyote. Mimi ni mtunza stoo, ndoo na majembe yake yote yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo ninachosema nakijua. Mbegu zenye majimaji alikuwa akizipanda siku ile ile anapoziokota. Ukimwuliza sababu atakwambia, "Sijui. Ndivyo zinavyotaka." Basi.

Mwaka jana wakampeleka kwenye mafunzo ya siku tano ya kuhifadhi mbegu. Akarudi na cheti, binti yake akakitia fremu, na jamani, hatukupumua! Kila saa "mkufunzi kasema." Mkufunzi kasema mbegu zianikwe kivulini wiki mbili, zifungiwe kwenye chupa, ziwekwe kwenye friji, zitadumu miaka. Na ni kweli, kwa mbegu nyingi.

Mwezi uliofuata, mti ulio nyuma ya matangi ya maji ukazaa. Ni mmoja tu wa aina yake tunaoujua, na mlinzi wa matangi anasema huzaa kila baada ya miaka sita. Dada Mkubwa akaokota mbegu mia mbili na kumi na mbili, zote zenye majimaji. Nikamkuta ameshika trei, anautazama udongo uliokwisha kuchekechwa.

"Si uzipande tu kama siku zote?" nikamwambia.

Akanikata jicho. "Mambo ya kizamani hayo. Wewe kaa na majembe yako."

Niliudhika, nikanyamaza, na hadi leo najilaumu.

Akazikausha. Miezi mitatu baadaye akazipanda, haikuota hata moja. Alipasua chache kwa wembe, akakuta ndani nyeusi tii. Kumbe mbegu za mti ule zikikauka zimekufa. Siku hiyo hakula.

Ukafika mkutano wa mwaka wa watu wa vitalu. Msimamizi wetu alikuwa amempendekeza awe mkufunzi msaidizi, basi akamwandikia ripoti kabisa: mti umezeeka, hautoi tena mbegu hai. "Soma hivyo hivyo," akamwambia. "Nani atakwenda kukagua?" Maneno matamu hayo, ila sote tulijua mafundi wa maji wanataka kuongeza tangi pale pale, na wanachosubiri ni kuambiwa mti hauna faida ili waukate.

Ukumbini projekta iligoma, viti vya plastiki vikawa vinalia kila mtu akijigeuza. Zamu yake ilipofika, Dada Mkubwa akasimama, akaikunja ile karatasi.

"Humu imeandikwa mti umezeeka. Si kweli, mti ni mzima. Mbegu nimeziua mimi kwa kuzikausha."

Msimamizi akajifunika uso kwa faili. Pale pale nikajua ukufunzi umekwenda na maji.

Mkufunzi mwenyewe alikuwa amekaa mbele. "Lakini mama, ulifanya nilivyokufundisha mimi."

"Nilifanya. Na mbegu za namna ile nilikuwa nazipanda mbichi tangu hujaanza kazi, zinaota. Sikukwambia. Niliona haya."

Mkufunzi akainama. Kisha akasema, "Basi mti usiguswe. Nitawaandikia watu wa maji leo hii. Mti utazaa lini tena?"

"Baada ya miaka mitano."

"Safari hiyo utatufundisha wewe."

"Mimi nastaafu baada ya mitatu."

Hapo hata viti vikatulia. Dada Mkubwa akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Andikeni namba yangu ya simu," akasema. "Ukizaa nipigieni siku hiyo hiyo. Popote nitakapokuwa, nitakuja."

Watu wakatoa kalamu. Akaanza kuitaja namba polepole, akafika tarakimu ya sita, sauti ikamkatika. Nikasimama kule nyuma, nikamalizia zilizobaki.